Jinsi, Jinsia na Kaya: Maneno Matatu na Kazi ya Marjorie Mbilinyi

Fomu nyingi za serikali zijazwazo Karatu na Ngorongoro, kama zijazwazo kwingineko nchini, huwa na nafasi ya kuonyesha kama mtu ni Me au Ke. Juu ya nafasi hiyo fomu moja huandika "jinsi" na nyingine huandika "jinsia", na mtumishi aijazaye haoni tofauti. Lakini mtumishi huyo huyo hupokea waraka unaomtaka azingatie "masuala ya jinsia" katika mipango ya kijiji, na hapo neno hilo halina tena maana ya Me na Ke. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno hili lilivyopata maana yake ya pili. Tutafuata kazi ya Marjorie Mbilinyi, msomi na mwanaharakati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisha tutayapima maneno yetu katika wilaya hizo mbili za mkoa wa Arusha, kwa sababu huko hukutana lugha zenye namna tofauti kabisa za kutaja uke na uume, na huko neno lisilofikiriwa vema laweza kumwacha mtu bila ardhi wala nyumba.

Tuanze na asili. "Jinsi" limetoka katika Kiarabu, na Waarabu nao hudhaniwa kulipata kutoka Kiyunani, katika neno lenye maana ya ukoo au aina. Shina hilo hilo, kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, ndilo lililozaa neno litumiwalo na Waingereza kwa jambo hili, ambalo baadhi ya waandishi wetu wamelitohoa kuwa "jenda". Kwa hiyo "jinsia" na "jenda" ni ndugu wa mbali waliokutana tena katika Kiswahili. Katika matumizi ya kawaida, "jinsi" limebaki na maana pana ya namna au aina: twasema jinsi ya kupika, au jinsi mtu alivyo. Maana ya uke na uume ni sehemu tu ya upana huo.

Hata katika Kiingereza, mgawanyo kati ya maumbile ya mtu na nafasi apewayo na jamii ulianza kuenea katika elimu ya jamii miaka ya 1970 tu. Kwa hiyo Kiswahili hakikuchelewa sana. Lakini ni muhimu kuona kwamba nchini mwetu maswali yalitangulia, na neno likafuata.

Mbilinyi alizaliwa Marekani, akaja Tanzania mwaka 1966, akawa raia mwaka uliofuata. Kazi yake ya mwanzo ilihusu elimu. Mwaka 1969 ilichapishwa taarifa yake juu ya elimu ya wasichana Tanzania. Mwaka 1972 alitoa makala juu ya hali ya wanawake nchini, na nyingine juu ya mwanamke wa kisasa na desturi za jadi. Ukiyasoma leo maandishi hayo, waona kwamba hoja yote ya jinsia imo, ingawa neno lenyewe halimo. Msichana hakosi shule kwa sababu ya maumbile yake. Anakosa kwa sababu kazi yake nyumbani na shambani inahitajiwa, na kwa sababu ndoa yake ina thamani kwa wengine.

Kutoka elimu aliingia katika kazi na ardhi. Mwaka 1980 yeye na Deborah Bryceson waliandika juu ya mabadiliko ya nafasi ya wanawake katika uzalishaji, tangu ukulima mdogo hadi kazi ya ujira. Pamoja na Ophelia Mascarenhas aliandaa bibliografia yenye uchambuzi juu ya wanawake wa Tanzania, iliyochapishwa mwaka 1983, nayo ikawa msaada mkubwa kwa watafiti waliofuata. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980, wanawake wasomi wa chuo kikuu walianzisha kikundi chao cha utafiti na uhifadhi wa nyaraka, naye akiwamo. Mwaka 1988 aliandika juu ya wake waliokimbia waume zao wilayani Rungwe wakati wa ukoloni, na mwaka 1989 juu ya masimulizi ya maisha ya Rebeka Kalindile wa huko huko Rungwe. Kitabu chake cha mwaka 1991 kilichunguza kilimo cha makampuni makubwa na ajira ya wanawake.

Twataja kazi hizi kwa sababu maalumu. Katika baadhi yake, mtafiti hakuridhika kuuliza swali na kuandika jibu. Alitaka wahojiwa washiriki kuamua swali lenyewe liwe lipi. Utaratibu huu ndio uliokuja kuitwa "utafiti shirikishi", na katika harakati za baadaye "uraghibishi", neno lililoundwa kutokana na kitenzi cha zamani "raghibisha", yaani kutia mtu hamu. Hapana shaka kwamba ni miongoni mwa istilahi bora za kipindi hicho, kwani lilichukua mali iliyokuwa tayari ghalani.

Mwaka 1993 uliandikishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, ujulikanao kwa herufi TGNP, Mbilinyi akiwa miongoni mwa waasisi wake. Kwa jina hilo neno "jinsia" lilitoka katika madarasa ya chuo likaingia barazani. Kuanzia mwaka 1996 kukawa na Tamasha la Jinsia, na mwaka 1997 ikaanza kazi ya kuchambua bajeti ya serikali kwa mtazamo wa jinsia. Mafunzo yaliyofuata yalieneza mgawanyo ambao walimu wengi wanaufahamu leo: jinsi ni maumbile ya kuzaliwa, jinsia ni mahusiano yaliyojengwa na jamii. "Mfumo dume" nao ukapata nguvu katika mazungumzo ya kila siku. Mbilinyi alipostaafu chuo kikuu aliendelea na kazi ya uchambuzi wa sera katika mtandao huo.

Serikali ilifuata. Sera ya mwaka 1992 ilikuwa ya Wanawake katika Maendeleo. Ile ya mwaka 2000 iliitwa Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia. Lakini neno lilipoenea, mipaka yake ilififia. "Unyanyasaji wa kijinsia" hutumiwa kwa mume ampigaye mke, na pia kwa bosi amtakaye mfanyakazi kimapenzi. Hakimu, polisi na mfasiri hawawezi kufanya kazi na neno moja kwa makosa mawili. Ndiyo sababu "rushwa ya ngono" ilipokelewa haraka: inataja kitu chenyewe.

Sasa tuingie Karatu na Ngorongoro. Kiiraqw, lugha ya Kikushi, hugawa nomino zake katika uke, uume na kundi la tatu lisilo la upande wowote. Kihadza, kizungumzwacho kandokando ya Ziwa Eyasi, nacho hutofautisha uke na uume. Katika Kimaasai, kiambishi cha mwanzo hubeba tofauti hiyo, na mara nyingi hubeba ukubwa pia: olalem ni sime, lililo la kiume, enkalem ni kisu, kilicho cha kike. Lakini Enkai, jina la Mungu, ni la kike. Mwalimu wa Ngorongoro, basi, ana mfano tayari mkononi. Sime na kisu havina maumbile ya uke wala uume. Ni watu waliovipa nafasi hizo. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameielewa jinsia.

Kiswahili hakina ugawaji huo. "Mkulima", "mfugaji" na "kibarua" ni maneno ya watu wote. Wengi wetu tumejivunia jambo hili, na si bure. Lakini neno lisilobagua halitoshi kuondoa ubaguzi. Katika mashamba ya kahawa ya Oldeani na ya vitunguu ya Mang'ola, neno "mkulima" likitajwa mkutanoni, mara nyingi afikiriwaye ni mume, hata kama palizi imefanywa na mke. Usawa wa sarufi waweza kuuficha ukosefu wa usawa shambani.

Neno gumu kuliko yote ni "kaya". Katika boma la Kimaasai kila mke ana nyumba yake, naye ndiye aliyeijenga. Mwandikishaji akiuliza "mkuu wa kaya ni nani?" hupewa jina moja la mume, na nyumba tatu au nne huwa kaya moja katika daftari. Hili si suala la takwimu tu. Mpango wa kuhamisha wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, ulipoanza mwaka 2022, nyumba na mashamba vilihesabiwa kwa kaya. Katika kazi ya namna hiyo, anayefasili neno kaya anaamua pia ni mke gani atakuwa na paa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na ikataka wajumbe watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Wanawake wafugaji wa Loliondo hawakungoja istilahi ili wadai haki hizo. Mwaka 1997 waliunda shirika lao, PWC, likiongozwa na Maanda Ngoitiko, na mwaka 2010 wanawake wengi wa huko walirudisha kadi za chama tawala kupinga kuondolewa katika malisho. Jamii hizi zilikuwa na vyombo vyake tangu zamani: mwaka 1964 George Klima alieleza baraza la wanawake wa Kibarabaig, jirani zao wa Hanang, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea.

Kutokana na historia hii twatoa maoni matatu. Kwanza, fomu za serikali zitumie "jinsi" kwa Me na Ke, na "jinsia" iachiwe mahusiano ya kijamii. Pili, "kijinsia" lisitumiwe pale ambapo kosa lenyewe lina jina lake. Tatu, na hili ndilo kubwa, neno kama "kaya" lisisanifiwe mezani peke yake. Lipelekwe kwanza kwa wale watakaoandikwa kwalo, waseme linawaacha nje akina nani. Mbilinyi na wenzake walifanya hivyo kwa maswali yao ya utafiti. Nasi wa istilahi hatuna sababu ya kufanya pungufu.