Ping: programu ya usiku mmoja

Juzi saa tatu usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani huku amejaa wasiwasi. "Kaka, kompyuta imekataa kuingia kwenye intaneti, na fomu ya mkopo inafungwa saa sita!" Mimi niko Nairobi, yeye yuko kijijini, simu yake ni kabambe na saiba za sokoni zilikuwa zimeshafungwa. Asipotuma fomu hiyo, karo ya chuo itatoka wapi?

Nikamwambia aache kuzima na kuwasha mashine ovyo. Afungue lile dirisha jeusi aandike neno moja tu: ping. Kabla sijawaeleza tulichopata, hebu tuangalie neno hilo lilitoka wapi.

Mnamo Septemba 1981, Jon Postel alichapisha kanuni za ICMP, yaani jinsi mashine za mtandao zinavyopashana habari za hitilafu. Ndani yake mna ujumbe uitwao mwangwi: mashine moja inatuma, nyingine inarudisha kile kile ilichopokea. Julai 1983, katika mkutano nchini Norway, David Mills alitaja kwamba mwangwi huo unaweza kutumika kupima muda wa safari ya pakiti.

Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, aliyakumbuka maneno hayo Desemba 1983 mtandao wao ulipoanza vituko. Jioni moja akaketi akaandika programu. Aliipa jina ping kutokana na mlio wa sona, kile chombo cha nyambizi kinachotuma sauti majini na kusikiliza ikirudi. Ilimbidi pia arekebishe kiini cha mfumo wa Unix, kazi aliyoimaliza kabla ya jua kuchomoza. Kichekesho ni kwamba kabla hajatuma pakiti ya kwanza, mwenzake alikuwa ameshapata kifaa kibovu na kukitengeneza! Muuss alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2000, lakini programu yake imo katika karibu kila kompyuta unayoijua.

Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kuijua ping. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu: swali lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu milisekunde 480 kabla ya foleni yoyote. Kabla ya kituo cha kubadilishana data, KIXP, kuanzishwa Nairobi, hata barua pepe kati ya kampuni mbili za intaneti za mji huo huo ingeweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Kituo hicho kilianza mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa malalamiko ya kileseni, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002.

Haya, turudi kwa mdogo wangu. Dawa ni kuuliza kuanzia karibu kwenda mbali.

Kwanza ping 127.0.0.1, ambapo kompyuta inajiita yenyewe. Ikajibu. Basi programu za mtandao ndani ya mashine ni nzima.

Pili ping 192.168.1.1, anwani ya ruta pale sebuleni. Ikajibu. Basi waya si tatizo.

Tatu ping 8.8.8.8, mashine ya Google iliyo nje kabisa. Ikajibu! Basi intaneti ipo, na kampuni inayotuuzia haina kosa. (Angalizo: mashine nyingine zimefungwa zisijibu ping, kwa hiyo kimya peke yake si ushahidi kamili.)

Nne, ping kwa jina la tovuti. Kimya. Jina halijulikani.

Hapo nikajua mgonjwa ni DNS. Zamani majina yote ya mashine za mtandao yalikuwa katika faili moja lililotunzwa katika taasisi ya SRI, California, na kila mtu alilinakili kwake. Mashine zilipozidi kuwa nyingi faili likawalemea, ndipo Paul Mockapetris akabuni DNS mwaka 1983, mwaka ule ule wa ping. Kazi yake ni kugeuza jina kuwa nambari. Ikikosekana ni kama kuwa na simu nzima yenye salio bila kujua nambari ya mtu.

"Umegusa nini leo?" nikamuuliza. Kimya kidogo. Kumbe mchana rafiki yake alimshauri abadilishe anwani ya DNS ili intaneti iende kasi, naye akakosea tarakimu moja. Tukairudisha mipangilio iwe ya kujitafutia yenyewe. Fomu ilienda saa tano kasorobo.

Kwa hiyo siku kompyuta yako ikigoma, usikimbilie kuilaumu kampuni wala kumlipa fundi. Uliza karibu kwanza, kisha mbali, na pale jibu linapokoma ndipo uanze kuchimba.

Tuonane wakati mwingine!