Darasa Lisilo na Alama: Kujiunga na USARF Mlimani, 1967–1970

Ukimwuliza mwanafunzi wa historia hapa Uganda kuhusu USARF, mara nyingi atakutajia jina moja tu, Yoweri Museveni. Ni kweli kwamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho cha wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kukitazama kama kitalu cha viongozi ni kuisoma historia kinyumenyume. Waliojiunga mwaka 1967 hawakujua nani angekuja kuwa rais wa nchi gani. Walichojua ni kwamba siku ya Jumapili kulikuwa na darasa lao wenyewe, ambalo halikuwa na mtihani, alama wala cheti, na kwamba ukienda hujasoma huna la kuchangia.

Kwa maoni yangu, USARF ilikuwa chama cha falsafa chenye jina la mapinduzi. Jina lake kamili kwa Kiingereza lilimaanisha Umoja wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu kwa Mapinduzi ya Afrika. Kazi yake ya kila wiki, hata hivyo, ilikuwa kusoma na kubishana. Walimsoma Marx, Lenin, Nkrumah na zaidi ya wote Frantz Fanon. Je, anayetawaliwa kwa nguvu anaweza kujikomboa bila nguvu? Msomi anayelishwa na jasho la mkulima anamdai nini mkulima huyo, na anadaiwa nini? Haya ni maswali ya falsafa hata kama hakuna aliyeyaita hivyo.

Ili kuelewa kwa nini vijana walijiunga, ni lazima kurudi nyuma mwaka mmoja. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria peke yake, katika jengo la mjini, kisha kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, ndiyo maana Mganda au Mkenya aliweza kusoma Dar es Salaam bila kuonekana mgeni sana. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa. Katika mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika. Aliwafukuza wanafunzi karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha.

Fikiria basi mwanafunzi aliyebaki chuoni, au aliyefika mwaka uliofuata. Taifa zima linazungumza juu ya ujamaa, yeye anapewa chakula na kitanda kwa kodi ya watu wanaolima kwa jembe la mkono, na wenzake wametoka kusema kwamba mkoloni alikuwa afadhali. Aibu hiyo, nadhani, iliwavuta vijana kwenye darasa la Jumapili kuliko hotuba yoyote. Mji nao ulisaidia. Vyama vya ukombozi kutoka kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi Dar es Salaam, FRELIMO wakiwa miongoni mwao, na mtu aliyesomwa habari zake gazetini asubuhi angeweza kukutana naye jioni. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967 na akarudi tena mwaka 1969. Hakuwa kiongozi wa chama, maana chama kilikuwa cha wanafunzi, lakini alikaa nao na kubishana nao. John Garang naye, aliyekuja baadaye kuongoza mapambano ya Sudan Kusini, alipita humo.

Walijaribu pia kuyapima waliyoyasoma. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji kaskazini, katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na Museveni akaandika insha ya kuyalinganisha aliyoyaona na nadharia ya Fanon. Mwaka huohuo waliizuia Siku ya Matambara, desturi iliyotoka vyuo vya Uingereza ambapo wanafunzi huvaa nguo zilizochanika na kuzunguka mjini wakichangisha pesa za maskini. Kwa wana-USARF, kuvaa umaskini wa mwenzako kama vazi la sherehe lilikuwa tusi. Wapo wanaosema waliwanyima maskini mchango wao. Mimi naona walikuwa na haki ya kukasirika.

Novemba 1969 walitoa toleo la kwanza la jarida lao, wakilichapa kwa stensili. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa wahariri wake. Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania. Alidai kwamba kutaifisha mabenki na viwanda hakukutosha kuleta ujamaa ikiwa wakubwa wa mashirika ya umma wanageuka kuwa tabaka jipya. Kwa mwanafunzi, hilo lilikuwa jambo zito kulisema chini ya serikali iliyompa elimu bure.

Jarida hilo liliitwa *Cheche*. Hapa ndipo sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kusimama kidogo. Mwanzoni mwa 1967 serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Lakini ukilifungua *Cheche* unakutana na Kiingereza, tena Kiingereza kigumu. Mkulima na mfanyakazi, ambao karibu kila makala iliwataja, hawangeweza kulisoma. Naelewa sababu. Vitabu walivyosoma vilikuwa vya Kiingereza, mihadhara ilikuwa ya Kiingereza, na Mmalawi au Msudani katika darasa lile hakukijua Kiswahili vizuri. Hata hivyo naona huu ndio udhaifu mkubwa wa USARF, mkubwa kuliko ukali wa maneno ambao wengi wanawalaumu nao. Walimfikiria mkulima kwa bidii, ila si katika lugha ambayo angeweza kuwajibu.

Novemba 1970 vyote viwili vilipigwa marufuku. Kuhusu chama, walielezwa kwamba tawi la Umoja wa Vijana wa TANU lilitosha, hivyo hapakuwa na haja ya USARF. Kuhusu jarida, hoja ilikuwa jina lake. Ni kweli kwamba waanzilishi walikuwa wamelikumbuka gazeti la Lenin, *Iskra*, ambalo maana yake ni hiyohiyo, pamoja na gazeti la Nkrumah lenye jina la namna hiyo kwa Kiingereza. Ilisemekana kwamba jina hilo lilitoa picha kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya wake yenyewe. Hivyo katika jarida zima lililoandikwa kwa lugha ya kigeni, neno lililoshitakiwa kwa ugeni lilikuwa *cheche*, neno ambalo kila mtoto aliyewahi kukaa kando ya moto wa kuni analijua. Kuhusu Kiingereza cha kurasa zilizofuata, hoja hiyo haikusema neno.