Gobori la Marehemu

Katika nyumba nyingi za bara ya nchi yetu palikuwa na kitu ambacho hakikuhesabiwa pamoja na majembe wala mitungi. Kilikaa darini, kimeviringishwa katika ngozi, na watoto walikatazwa kukitaja mbele ya wageni. Kitu hicho kilikuwa gobori. Babu alipofariki, lilipita kwa mdogo wake au kwa mwanawe mkubwa, kama ulivyopita mkuki na kigoda; na aliyepatwa na shida aliweza kuliweka rehani kwa shemeji yake, akalikomboa baada ya mavuno. Hapakuwa na hila katika jambo hilo. Silaha ilikuwa mali ya ukoo, na aliyeishika aliwekeshwa amana tu.

Hata hivyo, desturi hii si ya kale kama tunavyodhani. Bunduki zilienea bara katika karne ya 19, zikifuata njia za pembe za ndovu. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliujenga utawala wake kwa rugaruga waliozishika. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikisia kuwa bunduki zilizopita katika bandari za pwani yetu zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya, yaliyokwisha kujipatia zilizo bora.

Tarehe 2 Julai, 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba mjini Brussels, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingizwa Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa masharti: zihifadhiwe katika ghala la serikali, na atakayepewa atoe dhamana kuwa hataigawa wala kumwuzia mtu mwingine. Gumegume na baruti ya kawaida hazikubanwa kiasi hicho. Tusidanganyike kuhusu nia. Waliotia saini walikuwa wakijigawia bara letu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo wakateka bunduki zipatazo 300, na Wajerumani wakaona kwa macho yao kile walichokuwa wakikihofia.

Lakini ndani ya mkataba huo wa wenye nguvu mlikuwa na wazo lililodumu kuliko wao: kwamba bunduki ni ya mtu aliyeandikwa jina, si ya ukoo. Wazo hilo liliingia katika sheria za wakoloni, na baada ya Uhuru taifa likalichukua kwa sababu zake lenyewe, yaani usalama wa raia na wa wanyama wetu. Sheria ya mwaka 1991 ililishika. Ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi yake, inalishika pia.

Hapa ndipo amana ya ndugu inapogongana na sheria. Kaka anayesafiri humwachia mdogo wake bunduki, naye huipokea kwa heshima. Kumbe leseni ni ya kaka peke yake. Mjomba huiuza bunduki ya marehemu ili kulipia matanga. Kumbe hata msimamizi wa mirathi hawezi kuiuza bila idhini ya mamlaka. Mrithi hurithi mali, leseni hairithiwi. Sheria haimwulizi kwanza aliyekutwa nayo kama ni yake, humwuliza anayo kwa kibali gani. Tangu mwaka 1984 baadhi ya makosa ya silaha yamewekwa pamoja na ya uhujumu uchumi, ambayo dhamana yake si nyepesi.

Sisi tuliotumikia ofisi za wilaya tumewaona watu hawa. Si majambazi. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kuwa wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na Tanzania nayo imetoa misamaha ya namna hiyo. Katika msimu mmojawapo tulimwona mzee akileta gobori la baba yake, mtutu umeliwa na kutu. Hakubishana. Aliomba jambo moja tu, apewe ule mkanda wa ngozi ya pofu, kwa kuwa baba yake aliushona mwenyewe. Karani alitazama karatasi zake, asione mahali palipoandikwa mkanda, akaufungua akampa.