Mashua Iliyovuka Afrika Mabegani mwa Watu

Mashua ya msafiri Henry Morton Stanley ilipofika Unguja mwaka 1874, ilionekana upesi kwamba hesabu zilizopigwa Uingereza hazikulingana na mabega ya wapagazi. Stanley aliibuni mwenyewe, na James Messenger, fundi wa mashua wa Teddington, kando ya mto Thames, akaiunda kwa mbao nyembamba za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6 na kina inchi 30. Iligawanywa vipande vitano ili ibebwe nchi kavu na kuungwa tena ikifika majini. Wazo lilikuwa zuri, lakini kila kipande kilizidi kilo 120, na njia za bara zilikuwa za mguu, pana kiasi cha kupita mtu mmoja huku miba ikimkwaruza pande zote mbili. Ikabidi aitwe seremala, ashike msumeno palepale Unguja, avigawe upya vile vipande.

Aliipa jina *Lady Alice*, kwa heshima ya mchumba wake, Alice Pike, msichana wa miaka 17. Bibi huyo aliolewa na mwanamume mwingine kabla safari haijafika hata nusu.

Safari ile ya 1874 hadi 1877, iliyogharimiwa na magazeti mawili, *New York Herald* na *Daily Telegraph*, husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja. Lakini ukifuata vyombo vyake badala ya jina lake, hadithi inakuwa nyingine. Maandalizi hayakumalizika Teddington wala Unguja. Yaliendelea kila kituo kwa miaka mitatu, na waliokuwa wakiandaa upya kilichoharibika, kilichoibwa au kilichosahauliwa, wengi wao walikuwa watu wa Unguja na mrima.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, watu 356 na mizigo ya tani 8 hivi. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikuwa chakula. Ilikuwa fedha ya bara: majora ya merikani na kaniki, magunia ya shanga, na masango, yaani mizunguko ya waya wa shaba. Hapa ndipo ujuzi wa wafanyabiashara wa pwani ulipokuwa na thamani kuliko ramani yoyote. Shanga nyekundu za samesame zilipokewa nchi hii na kukataliwa nchi ile. Mahali pengine walitaka nyeupe tu. Msafara uliokosea rangi ungeweza kulala njaa katikati ya mashamba ya watu, huku magunia ya shanga yamejaa.

Vipande vya mashua vilipewa wapagazi wenye miraba minne. Walilipwa zaidi ya wenzao na kuruhusiwa kufuatana na wake zao. Walistahili. Mzigo wa kawaida, wa kilo 30 hivi, mtu huuhamisha bega kwa bega akitembea. Kipande cha mashua huning'inizwa kwenye mpiko, na wanaokibeba lazima waende hatua moja, wapinde kona pamoja na kushuka makorongo pamoja. Kwa namna hiyo *Lady Alice* ilipita Ugogo, ikaingia nchi kame ya Ituru, ambako Edward Pocock, mmoja wa ndugu wawili wanamaji kutoka Kent, alikufa kwa homa. Tarehe 27 Februari 1875 ikatua Kageyi, ufukweni mwa ziwa Viktoria, si mbali na Mwanza ya leo.

Huko ilijibu swali lililowagombanisha wanajiografia: ziwa lile ni moja, wala si mkusanyiko wa vidimbwi. Aliyeshika usukani alikuwa Uledi, kijana ambaye jina lake lilipaswa kufundishwa shuleni. Mwishoni mwa Aprili, kwenye kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya makasia yote. Mabaharia waliisukuma mashua majini, wakang'oa mbao za sakafu yake na kuzifanya makafi, huku Stanley akifyatua risasi nyuma yao. Miezi michache baadaye alirudi na mitumbwi na bunduki kulipa kisasi. Zaidi ya watu 30 wa Bumbire waliuawa wakiwa ufukweni mwao, na doa hilo halifutiki kwa kusifu ubora wa mashua.

Baada ya kulizunguka ziwa Tanganyika katikati ya 1876, msafara ulielekea Manyema. Hapo kilihitajika kitu kisichouzwa London: ulinzi wa kupita msitu. Mwenye uwezo huo alikuwa mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Walipatana aandamane na msafara vituo 60. Stanley aliandika kwamba bei ilikuwa dola 5,000. Tippu Tip, katika kumbukumbu zake alizozisimulia kwa Kiswahili, analalamika kwamba hakulipwa kama walivyoagana.

Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Ndani ya msitu vipande vya mashua viligeuka mateso. Njia ilikuwa tope, miti iliyoanguka na giza la mchana, na wapagazi walilazimika kukata njia kwa mashoka ili chombo chenyewe kipite. Baada ya majuma mawili hivi waliufikia mto Lualaba, wakaiunga mashua.

Mashua moja haikutosha watu wote. Huko Vinya-Njara, baada ya siku za mapigano, mitumbwi ya wenyeji ilitekwa usiku. Mingine ilirudishwa kwa mapatano ya amani, mingine wakaizuia. Wakaifunga miwili miwili kwa kamba isipinduke, na kila mmoja ukapewa jina. Tarehe 28 Desemba Tippu Tip aliagana nao, na watu 149 wakashuka na mto ambao hawakujua unaishia wapi. Walikuwamo wanawake na watoto. Katika mapigano yaliyofuata, ngao ndefu walizoteka zilisimamishwa ubavuni mwa mitumbwi kuwakinga wapiga makafi na mishale.

Kisha yakaja maporomoko ya Boyoma, saba mfululizo. Kila poromoko lilimaanisha kufyeka njia msituni, kutandika magogo na miti, na kuburuta mitumbwi hadi maji tulivu, mara nyingine usiku kwa mwanga wa mienge. Ni hapo Januari 1877 mtu aitwaye Zaidi alipochukuliwa na mkondo, akabaki kung'ang'ania jiwe ukingoni mwa maporomoko, maji yakigawanyika kulia na kushoto kwake. Kamba za kutosha hazikuwapo. Watu wakasokota mimea itambaayo ya msituni pamoja na kamba za mahema, wakafunga mtumbwi, na Uledi akajitolea na mwenzake Marzouk. Walimpata Zaidi, lakini kamba zikakatika. Wote watatu wakaponea kwenye kisiwa kidogo cha mawe, wakalala hapo huku mto ukinguruma pande zote, na kesho yake wakavutwa hadi ukingoni kwa kamba nyingine.

Chini ya bwawa la Malebo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kalulu, kijana aliyelelewa na Stanley, alizama mwishoni mwa Machi. Frank Pocock, ndugu wa Edward, alizama tarehe 3 Juni. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha, vidonda vya miguu vikamzuia kutembea, akachagua kupita kwa mtumbwi mahali ambapo wenzake wengi walipita kwa miguu. Mitumbwi ilipopotea, watu waliangusha miti mikubwa na kuchonga mingine kwa shoka na tezo. Huko Inkisi waliipandisha mlimani, futi zaidi ya elfu moja, huku wenyeji wakija kushangaa vyombo vya maji vikipanda kilima.

Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, *Lady Alice* iliwekwa juu ya mwamba ikaachwa. Watu waliokuwa wakifa njaa hawakuwa na nguvu ya kuibeba tena. Uledi alikuwa miongoni mwa waliotangulia mbio na barua ya kuomba chakula. Mchele, samaki na tumbaku vilirudi kutoka Boma, na msafara ukafika huko tarehe 9 Agosti. Novemba hiyohiyo manusura walifikishwa Unguja kwa meli, wakalipwa mishahara yao, na jamaa za marehemu wakaja kudai za waliokufa.

Mwaka 1879 Stanley alirudi Unguja kuajiri watu, safari hii kwa fedha za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na wengi aliowapata walikuwa wakongwe wa safari ya 1874. Vipande walivyopewa sasa vilikuwa vya meli ya mvuke, *En Avant*. Waliivusha nchi kavu kando ya maporomoko yaleyale, na Desemba 1881 ikaelea kwenye bwawa la Malebo. Miaka minne baadaye nchi nzima ya mto ule ilitangazwa kuwa mali ya Leopold.