Kambi ya mahema: kanuni za usalama kwa viongozi, vijana na wazazi

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zinapofika, vikundi vingi vya vijana hupiga kambi: skauti, kwaya, madarasa ya dini, klabu za mazingira za shule. Huwa ni mahema machache, sufuria za kuazima, gunia la mchele, na siku tatu au nne mbali na nyumbani. Mzazi anayeombwa ruhusa huuliza kwanza habari za nyoka na fisi. Ni haki yake kuuliza, na tutafika huko. Lakini kambi nyingi huharibiwa na mambo ya kawaida zaidi: maji machafu, moto uliochezewa, jiko lililoingizwa ndani ya hema, na mtoto aliyeondoka bila mtu kujua.

Makala hii inaeleza kanuni ambazo kiongozi wa kambi anapaswa kuwa nazo, na ambazo mzazi anaweza kuziulizia kabla ya kutoa ruhusa. Ihifadhi kwenye simu, maana huko kambini mtandao huenda usishike.

Kabla ya kuondoka

Kama eneo ni la kijiji, anzeni ofisi ya mtendaji wa kijiji na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kama ni hifadhi ya msitu wa serikali, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Wapo wanaoona hii ni karatasi tu. Sisi tunaona faida yake kubwa ni kuongea na wenyeji. Wao ndio wanaojua mto unafurika hadi wapi, tembo wanapita wapi, na kisima kipi kina maji mwaka mzima. Tena watu waliokwisha kuambiwa hawashtuki wakiona tochi porini usiku.

Andikeni orodha ya kila anayekwenda, jina la mzazi na namba yake ya simu. Pembeni yake andikeni ugonjwa: pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa au chakula. Mtoto anayetumia dawa aende nazo, na kiongozi mmoja ajue anazimeza saa ngapi.

Kisha fuatilieni zahanati iliyo karibu. Je, usiku kuna mhudumu? Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka mara nyingi haipatikani zahanati, kwa hiyo ulizeni ni hospitali gani inayo. Kubalianeni mapema na mwenye gari au bodaboda atakayekuja hata saa nane za usiku, na namba yake iwe kwenye simu za viongozi wote. Mkifika, tafuteni mahali ambapo mtandao unashika na kila mtu apajue. Simu ikigoma kuunganisha, jaribuni ujumbe mfupi. Wakati mwingine hupita pale ambapo sauti haipiti. Simu moja ibaki imezimwa na ina chaji kamili kwa ajili ya dharura tu.

Mahali pa kusimamisha mahema

Msiweke hema ndani ya korongo au mto wa msimu, hata kama mchanga ni mkavu na laini. Mvua ikinyesha milimani mbali na mlipo, maji yanaweza kushuka usiku huku juu yenu nyota zinaonekana. Msilale chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu. Fyekeni nyasi kuzunguka mahema, na muache njia pana kati ya hema na hema ili mtu aweze kukimbia bila kujikwaa kwenye kamba.

Moto, na jiko ndani ya hema

Hapa tunaomba msikilizaji asome polepole. Maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya na Lushoto, usiku wa Juni na Julai hung'ata, na watu huona ni busara kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili lipate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Aliyelala huivuta bila kujua, na anaweza asiamke tena. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakutoshi, na mkaa uliofifia, usiotoa moshi hata kidogo, bado unatoa sumu hiyo. Kwa hiyo kanuni haina mjadala: jiko haliingii hemani, liwe linawaka au linaelekea kuzimika. Baridi hupunguzwa kwa blanketi, soksi, na nyasi kavu au mkeka chini ya godoro, kwani baridi nyingi hutoka ardhini. Mtu akilalamika kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu akiwa mahali penye jiko, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mumpeleke hospitali.

Moto wa kupikia na wa jioni uwe mahali pamoja, mbali na mahema, upande ambao upepo haupeleki cheche kwenye mahema. Ondoeni nyasi na majani makavu pande zote hadi udongo uonekane, kiasi cha hatua tatu au nne. Ndoo za maji na mchanga zikae hapo hapo. Mafuta ya taa na petroli visimwagwe kwenye moto ili kuuchochea. Na moto usiachwe bila mtu hata kwa dakika tano. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la Mlima Kilimanjaro na kupambana nao kulichukua siku nyingi. Maelezo ya awali ya TANAPA yalisema ulianzia kwa watu waliokuwa wakipasha chakula.

Kuzima moto ni kumwaga maji, kukoroga majivu, kumwaga tena, hadi ukikaribisha mgongo wa mkono husikii joto. Kufukia makaa kwa mchanga peke yake ni mtego: yanabaki hai chini, na saa kadhaa baadaye mtoto anakanyaga peku.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai havifai.

Maji na choo

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, na milimani juu ya mita 2,000 dakika tatu, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Choo kichimbwe siku ya kwanza kabla ya kupika chochote, angalau mita 30 kutoka mtoni au kisimani, na kiwe upande wa chini. Kila anayetoka humo hufukia kwa udongo au majivu, kisha ananawa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi. Akipatikana mtu anayeharisha, asipike wala asigawe chakula. Kama hamna pakiti za ORS, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati.

Kuogelea kwenye ziwa au bwawa msilolijua kuna kichocho, na kwingine mamba na viboko. Waulizeni wenyeji.

Nyoka na radi

Usiku tembeeni na tochi na viatu, na kung'uteni viatu asubuhi kabla ya kuvaa. Chakula kisilale ndani ya hema, kwani makombo huita panya, na panya huita nyoka. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na abebwe, asitembee mwenyewe. Msimchanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba. Nyoka asifukuzwe wala kutafutwa. Swila akitema sumu machoni, oshweni kwa maji mengi.

Radi ikianza kusikika, ondokeni chini ya miti na majini, muingie kwenye nyumba au gari. Hema si kinga. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Watoto usiku

Wavulana na wasichana wawe na mahema tofauti, na kiongozi mwanamke awepo kama kuna wasichana. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja hemani wala porini, hata kama ni mwalimu anayeheshimika. Wapo viongozi ambao huona kanuni hii ni kuwatuhumu. Inamlinda mtoto, na kiongozi mwaminifu inamwepusha na maneno. Mtoto aelezwe kabla ya safari kwamba anaweza kusema, na kwamba namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo. Kwa polisi ni 112, na zimamoto ni 114.

Kwenda chooni usiku ni watu wawili wawili. Hesabu ya majina hufanywa asubuhi, kila mlo, na kabla ya kulala, kwa kuita jina na kuona uso; sauti ya "yupo" kutoka kwa rafiki haihesabiwi. Mtu akikosekana, viongozi wawili wabaki na kundi, wengine watafute, na mwenyekiti wa kitongoji apigiwe simu mapema, kabla giza halijaingia.

Siku ya kuondoka, choo kifukiwe, taka zirudi nanyi, na moto ukaguliwe na mtu ambaye si yeye aliyeuzima. Majina yaitwe mara ya mwisho watu wakiwa tayari wamepanda gari.