Tolba na Gesi za Friji

Mostafa Tolba, Mmisri aliyesomea mimea, aliliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) huko Nairobi tangu 1975 hadi 1992. Takwimu za maabara alizielewa, na hila za mabalozi alizielewa vilevile.

Machi 1985 Mkataba wa Vienna wa kulinda ozoni ulitiwa saini bila kumlazimisha yeyote kupunguza hata kilo moja ya CFC, gesi za friji na za makopo ya kupulizia zinazoiharibu ozoni hiyo. Mei hiyohiyo, Waingereza Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakachapisha vipimo vya kituo cha Halley, Antaktika: kila Oktoba ozoni ya huko ilikuwa ikipungua vibaya mno. Setilaiti ya Marekani nayo ilikuwa imeviona viwango hivyo, ila kompyuta ilivitia alama ya shaka. Kifaa cha kizamani kilichokaa barafuni kikaipiku.

Lakini kila ujumbe ulifika kwenye mazungumzo ya kupunguza CFC na makadirio yake, ukiyafanya ngao. Aprili 1987 UNEP ikawakutanisha wanasayansi Würzburg, Ujerumani Magharibi, walinganishe hesabu zao. Zilikaribiana, na kisingizio cha kwamba wataalamu hawaelewani kikaishiwa nguvu.

Itifaki ya Montreal ya kupunguza CFC ilipopitishwa Septemba 16, 1987, ndege za utafiti zilikuwa bado zinaruka kutoka Punta Arenas, Chile, zikisaka chanzo cha tundu la ozoni. Wajumbe hawakusubiri. Badala yake Kifungu cha 6 cha itifaki kiliagiza hatua zote zipitiwe upya angalau kila miaka minne kuanzia 1990, kwa kufuata tathmini za wataalamu. Hapo ndipo palipokuwa na ustadi. Kufikia mkutano wa London, 1990, lengo la awali la itifaki, kupunguza CFC kwa nusu, likawa kuziondoa kabisa ifikapo 2000, na mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea ukaanzishwa.

Tabianchi ilipitia njia nyingine. Jopo lake la wataalamu, IPCC, liliundwa 1988, na muhtasari wa ripoti zake hupitishwa na serikali mstari kwa mstari. Hata hivyo, kwenye mkutano wa tabianchi wa Katowice, Desemba 2018, Saudi Arabia, Marekani, Urusi na Kuwait zilikataa kuikaribisha ripoti ya IPCC kuhusu ongezeko la joto la nyuzi 1.5, ambayo serikali zenyewe ziliiomba kwenye mkutano wa Paris!

Miaka miwili kabla ya hapo, alfajiri ya Oktoba 15, 2016 jijini Kigali, ile itifaki ya ozoni iliongezewa HFC, gesi zilizochukua nafasi ya CFC. Haziharibu ozoni, kosa lao ni kuipasha dunia joto. Kuzipunguza kunatarajiwa kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo 2100.