Daraja

Anayetoka Madogo kuingia mjini Garissa huvuka Mto Tana kwa daraja. Neno hilohilo nalipendekeza kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta ya kuigiza inayochezwa mtandaoni, kama tafsiri ya “level”. Katika World of Warcraft, mhusika kwa kawaida huanza daraja la 1 na kupanda kwa kupigana na kutimiza kazi alizopewa. Toleo la nyongeza la 2024, The War Within, lilisogeza kilele hadi daraja la 80.

Kiarabu kilitupa neno hili kwa maana ya kipandio na cheo. Maana ya kivuko cha mtoni tuliiongeza wenyewe. Waarabu hukiita jisr. Wasomali nao wana darajo, lakini kwao ni cheo, si kivuko, na cha mtoni ni buundo. Kwa hiyo kijana wa Garissa anayezungumza Kisomali akisikia “kupanda daraja” anaelewa mara moja, pengine haraka kuliko mwenzake wa Nairobi.

Kazi ngumu ni kumpa jina yule mhusika wa pili, wa tatu, wa nne wa mchezaji yuleyule, anayepandishwa baada ya wa kwanza kufika kileleni. Wengine watasema “wa akiba”, kama katika soka. Sikubali: wa akiba husubiri benchini, huyu anacheza. Tena tangu toleo la 2008, Wrath of the Lich King, mhusika mkuu huweza kumpa silaha za urithi zinazokua naye. Huo ni undugu. Nasema: kuwapandisha wadogo daraja.